Picha ya Askari wa Shaba

Mgeni aingiaye Dar es Salaam, akishatua mizigo yake na kunawa vumbi la njia, aghalabu huelekea katikati ya mji, pale Barabara ya Samora inapokutana na ya Azikiwe, ambapo tangu mwaka 1927 amesimama askari wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Humpiga picha mbili tatu katikati ya honi za magari, kisha akaenda zake. Nami nilifanya vivyo hivyo, na niliporejea kwetu, mzee mmoja jirani aliitazama picha ile kwa kitambo kirefu, akaniuliza: "Na maandishi, mwanangu, yasemaje?" Sikuwa na jawabu, kwani sikuyapiga.

Safari ya pili nilianzia kwenye maandishi. Nilifika jua likichomoza, maana nuru ya ubavuni hutia kivuli ndani ya kila herufi ikasomeka, ilhali jua la utosini huzifuta zote. Maneno yale ni ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, nayo yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Wanatajwa humo waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, na wanatajwa wapagazi waliolichukua jeshi vichwani na mabegani, wakafa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwandishi mwenyewe alikuwa mzazi mwenye msiba: mwanawe John alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba akafariki mwaka 1936 pasipo kulijua kaburi la mwanawe. Basi aliahidi juu ya jiwe kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Walakini juu ya jiwe lile halipo jina hata moja.

Jambo hili ndilo linalonikera, wala sioni haya kulisema. Tume ya makaburi ya vita ya Waingereza, iliyoasisiwa mwaka 1917 na kushika kanuni kwamba kila marehemu atajwe kwa jina bila kutazama cheo, ilikiri katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, na pengine wengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Dar es Salaam wameachiwa jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo kwa vinywa vya watu limekuwa Kariakoo, jina la soko. Na ajabu ni kwamba maelfu hulitaja kila siku wakienda kununua vitunguu, bila kujua kuwa wanawataja wafu.

Kwa hiyo msafiri mwenye kamera na apige uso, lakini apige na maandishi yote, kwa hati zote, na njia iliyoizunguka sanamu. Na akifika kwenye makaburi ya vita, asikanyage kaburi wala kuliegemea jiwe, na amsalimu kwanza mtunza bustani, ambaye ndiye mwenyeji wa pale. Kaboya, walikolala mashujaa wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele kule Mtwara, idhini iombwe kabla ya kamera kutolewa mkobani.

Picha za safari ya pili nilimpelekea yule mzee. Hakumtazama askari. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya hati ya Kiarabu aliyojifunza chuoni utotoni, akaifuata pole pole kutoka kulia, midomo ikicheza, hata akafika palipotajwa wapagazi. Hapo kidole kikasimama. "Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo," akasema, "hakurudi." Akaniomba kalamu, akaigeuza picha, akaandika nyuma yake, kwa hati ile ile, jina la babu yake na la baba wa babu yake.