Je, kukimbia vita kunatosha kupewa visa ya Ulaya?



Munigi ni mahali panapojua kupokea watu. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi toka Rwanda walijaa hapa, na kipindupindu kikaua wengi. Januari 2002 ardhi ilipasuka karibu na hapa na moto wa Nyiragongo ukateremka hadi katikati ya Goma. Mei 2021 mlima ukawaka tena. Toka mwaka wa 2022 ndugu zetu wa Rutshuru na Masisi walikuja kwa maelfu wakikimbia vita, na Februari 2025, baada ya M23 kuiteka Goma, kambi za kandokando ya mji zikavunjwa. Wengine walirudi makwao, wengine wangali kwa wenyeji wao.

Katika miaka hiyo yote kuna habari moja inayotembea toka hema hadi hema, toka nyumba hadi nyumba: kwamba mtu aliyekimbia vita ana haki ya kupewa visa ya Ulaya, na kwamba jeto yake au jina lake kwenye orodha ya shirika ni mwanzo wa safari. Kwa sababu ya habari hiyo watu wanauza kiwanja, mbuzi, hata mabati ya nyumba walioiacha, ili kumlipa komisioneri. Tumeona vema kueleza jinsi mambo yalivyo. Tunachukua mfano wa Ubelgiji, kwa sababu ndiyo nchi ambako familia nyingi za Kongo zina ndugu.

Visa ni za aina mbili

Nchi nyingi za Ulaya zimeungana katika utaratibu unaoitwa Schengen. Raia wa Kongo ni lazima awe na visa ili kuingia katika yoyote kati ya nchi hizo. Hatuko peke yetu. Waarabu nao, Wasiria, Wairaki, Wamisri, Wamoroko, wanaombwa visa. Falme za Kiarabu pekee ndizo ambazo raia wake waliondolewa sharti hilo, Mei 2015. Tena Mkongomani, sawa na Mwiraki na Msomali, anaweza kuombwa visa hata kama anabadilisha ndege tu katika uwanja wa Ulaya bila kutoka nje. Wengi hawajui hilo, wanazuiwa uwanjani na tikiti imekwisha kulipwa.

Aina ya kwanza ni visa ya muda mfupi, isiyopita siku 90 katika kila siku 180. Ni ya matembezi, matibabu, mkutano, biashara. Mwombaji analipa euro 90 (bei hiyo ilianza Juni 2024), na pesa hizo hazirudishwi akikataliwa. Anatoa alama za vidole. Analeta pasipoti isiyozidi miaka 10 na itakayoendelea kuwa halali miezi mitatu baada ya kuondoka Ulaya, bima ya safari ya angalau euro 30,000, barua ya anayemwalika au hati ya mahali atakapolala, na uthibitisho kwamba ana pesa za kujitunza. Mwishoni, anapaswa kumridhisha afisa kwamba atarudi nyumbani.

Hapo ndipo mkimbizi wa ndani anapokwama. Afisa anatafuta kazi, nyumba, shamba, akaunti ya benki, vitu vinavyomvuta mtu kurudi. Aliyekimbia Kibumba na godoro kichwani hana hata kimoja cha kuonyesha. Mateso yake, ambayo yeye anaona ndiyo sababu kubwa ya kusaidiwa, katika ofisi ile yanakuwa sababu ya kumkatalia: mtu wa namna hii, wanasema, hatarudi. Ni neno gumu, lakini afadhali ulisikie hapa kabla ya kuuza kiwanja.

Aina ya pili ni visa ya kukaa zaidi ya miezi mitatu. Hiyo ni ya mwanafunzi, mfanyakazi, au mtu anayemfuata ndugu yake wa karibu. Tutairudia.

Familia ya Aleppo

Je, hakuna visa kwa ajili ya anayekimbia kifo? Swali hilo lilipelekwa mbele ya mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, na si na Wakongomani bali na Waarabu. Oktoba 2016 baba na mama wa Aleppo, Siria, pamoja na watoto wao watatu wadogo, walikwenda hadi ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut, Lebanoni. Hawakuficha kitu. Walisema: mji wetu unapigwa mabomu, tupeni visa, tukifika tutaomba hifadhi. Walikataliwa.

Tarehe 7 Machi 2017 mahakama iliamua kwamba sheria ya visa ya Umoja wa Ulaya ni ya safari fupi tu. Anayeomba visa ili akaombe hifadhi anaomba kukaa, na hilo haliko katika sheria hiyo. Kila nchi inabaki huru kukubali au kukataa kwa sheria yake yenyewe. Mei 2020 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ilikataa kupokea lalamiko la familia nyingine ya Siria juu ya jambo hilohilo.

Ubelgiji inaweza kutoa visa ya huruma, lakini ni ihsani, si haki. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuna visa ya wakimbizi inayopatikana kwa dola fulani anakuuzia kitu ambacho hata watu wa Aleppo, wenye mawakili mbele ya mahakama ya juu kabisa, hawakukipata.

Orodha za mashirika

Wengi wanauliza: mbona kuna Wakongomani waliochukuliwa moja kwa moja hadi Marekani au Ulaya? Ni kweli. Hao walikuwa wakimbizi waliovuka mpaka na kuandikishwa Uganda, Rwanda, Burundi au kwingineko. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, linaweza kupendekeza baadhi yao, hasa walio katika hatari kubwa, kwa nchi inayokubali kuwapokea. Nchi hiyo ndiyo inayokata shauri. Marekani, iliyokuwa ikipokea wengi kuliko nyingine, ilisimamisha mpango huo Januari 2025.

Aliyekimbia bila kutoka Kongo hayumo katika utaratibu huo. Jeto ya chakula ni ya chakula. Orodha ya mahema ni ya mahema. Viongozi, tafadhali lisemeni hilo waziwazi, kwa sababu uvumi huu unaleta zaidi ya hasara ya pesa: kabila moja linaanza kusema kwamba kabila lingine limeandikwa kwa siri, wenyeji wanasema wakimbizi wanapendelewa, na mwandikishaji kijana anatishwa njiani. Kuvuka mpaka kwa ajili ya kutafuta orodha tu nako si dawa. Kuna watu wamekaa katika kambi za nje zaidi ya miaka 20 bila kuitwa.

Mlango wa familia

Njia iliyo na haki ya kweli ndani yake ni ya kuunganisha familia. Ikiwa mume wako, mke wako au mzazi wako ametambuliwa kuwa mkimbizi Ubelgiji, sheria inakuruhusu kuomba visa ya kumfuata. Inawahusu mume au mke, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 18. Mtoto aliyekimbilia kule peke yake anaweza kuwaita wazazi wake. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 siku ombi linapowekwa hapotezi haki yake kwa sababu jibu lilichelewa.

Muda ni mfupi. Kwa kawaida anayeita familia anapaswa kuonyesha mshahara wa kutosha, nyumba na bima. Mkimbizi aliyetambuliwa anasamehewa masharti hayo ikiwa ombi linawekwa mapema. Zamani alipewa mwaka mmoja; kwa sheria iliyoanza kutumika Agosti 2025 ni miezi sita. Mwenye ulinzi wa nyongeza, ambao ni tofauti na hadhi ya ukimbizi, aliwekewa na sheria hiyo ya 2025 miaka miwili ya kungoja kwanza. Basi mkipigiwa simu toka Brussels kwamba "nimepata karatasi", baada ya kumshukuru Mungu ulizeni mara moja: ni karatasi gani, na ya tarehe gani?

Kwetu familia ni kubwa. Mtoto wa marehemu kaka yangu ni mtoto wangu. Amekula kwangu, ameniita baba, na hakuna anayeuliza zaidi. Sheria ya Ubelgiji inauliza. Bila hukumu ya mahakama inayoonyesha kwamba umemchukua kisheria, yeye anabaki na wadogo wake wanasafiri. Vita vimetuachia mayatima wengi walio katika hali hiyo. Wazee wanaosuluhisha mambo ya familia wafikirie hilo mapema, kabla safari haijafika mlangoni, kwa sababu siku ya kuagana ni siku mbaya ya kugundua. Kwa ajili yake linaweza kuandikwa ombi la huruma tu.

Karatasi zinaanza hapa nyumbani. Mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, lazima kwenda mahakamani kupata hukumu inayosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa. Ndoa ya mila, hata kama ng'ombe zote zilitolewa, iandikishwe kwa afisa wa serikali. Kadi ya uchaguzi inakutambulisha barabarani, lakini si hati ya kusafiria Ulaya. Majina na tarehe zifanane katika karatasi zote. Kahindo na Kaindo ni mtu mmoja kwetu, lakini ofisini ni watu wawili. Karatasi zikikosekana, Ubelgiji inaweza kukubali kipimo cha damu kuonyesha kwamba mtoto ni wa mzazi. Msikubali kutengenezewa cheti cha bandia. Kikigunduliwa, hata ukweli wenu hautasadikiwa tena.

Kufika Kinshasa

Goma haina ofisi ya kupokea maombi ya visa hizo. Kwa kawaida yanawekwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kutufikisha. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 kwa sababu ya vita. Wengine walitumaini Kigali, lakini tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilikata uhusiano na Ubelgiji.

Hapa tena familia ya Siria ilitufungulia njia. Baba alitambuliwa kuwa mkimbizi Ubelgiji mwaka wa 2022. Mke na watoto wawili walikuwa wamezingirwa Afrin. Wakili wao alituma ombi kwa barua-pepe, likakataliwa kwa sababu hawakufika ubalozini wenyewe. Tarehe 18 Aprili 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema: ikiwa kufika ni jambo lisilowezekana au gumu kupita kiasi, nchi haiwezi kulazimisha familia kufika ili tu kuweka ombi. Inaweza kuwaita baadaye, kwa alama za vidole na kuhakikisha ni wao. Mwenye ndugu Ubelgiji amwambie atafute wakili kule, amtajie uamuzi huo wa Afrin, naye aeleze kwa ushahidi kwa nini mtu wa Munigi hawezi kufika Kinshasa. Mkimbizi asiye na uwezo anaweza kupata wakili wa bure Ubelgiji.

Mkikataliwa, jibu lazima liandikwe na kutoa sababu. Msilitupe kwa hasira. Kuna siku 30 za kukata rufaa Brussels toka siku mlipopewa, na komisioneri anayekushauri kulipia ombi jipya pasipo kusoma sababu hizo hana haja nanyi.

Waliokwisha kutoa pesa

Wengine wanasoma haya wakiwa wamekwisha kulipa. Wanaona haya kusema, hasa wakiwa wamelipa pesa za ukoo mzima. Tunawaomba viongozi wasiwacheke. Mwiteni komisioneri mbele ya mashahidi, andikeni kiasi na tarehe, na mdai mwanzo pasipoti na vyeti asilia, kwa sababu pesa zinaweza kulipwa kidogo kidogo, lakini cheti kilichopotea kinairudisha familia nzima mahakamani. Ikiwa aliyechukua pesa ni mtu wa kabila lingine, deni ni lake yeye, si la watu wake. Semeni hivyo mkutano ukianza, kabla vijana hawajaanza kuhesabu majina.