Darasa la Ususi Kigali: Kipi Kweli, Kipi Uongo

Mwambie mtu kwamba unakwenda Kigali na ungependa kujifunza kazi ya mikono ya jadi, ushauri utakumiminikia bila kuuomba. Utaambiwa imigongo, ile sanaa ya matuta ya mavi ya ng'ombe juu ya ubao, inanuka. Utaambiwa walimu wa kweli hawako mjini, na kwamba bila Kifaransa utakaa darasani kama bubu. Bila shaka umewahi kusikia mojawapo ya hadithi hizi. Baadhi zina ukweli, nyingine hazina hata chembe, na ni vizuri kuzichambua kabla hujalipia nafasi.

"Kigali wanafundisha kutengeneza taa za jadi za Kinyarwanda."

Uongo, ingawa karibu yake kuna jambo zuri. Nyumba ya zamani ya Rwanda iliangazwa na moto wa mafigani. Mafuta ya taa yalipofika, mafundi walianza kugeuza makopo kuwa agatadowa, ndiyo koroboi yetu. Zile taa zilizovikwa kikapu unazoziona zikining'inia kwenye hoteli na migahawa ya mjini ni ubunifu wa juzijuzi. Kilicho cha kale ni ususi wenyewe. Kwa hiyo ukikuta tangazo la "taa ya jadi", uliza swali moja: nitasuka, au nitapewa kikapu kilichokwisha kusukwa nikaweke waya na balbu? Kama ni kuweka waya, fundi umeme wa mtaani kwako anaweza kukufundisha.

"Ukiingia asubuhi, mchana unatoka na agaseke lako."

Uongo, na huu ndio unaowakatisha wageni tamaa kuliko yote.

Agaseke ni kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho picha yake imo hata kwenye nembo ya taifa la Rwanda. Hakisukwi kwa ukili kama mkeka wa pwani. Msusi huchukua kishungi chembamba cha majani makavu, ishinge, akakizungusha mduara juu ya mduara, huku akikifunga kwa uzi wa katani. Kila mara uzi unapozunguka, uruhindu, ambao ni mfano wa msharasi wa fundi viatu, hutoboa mduara wa chini ili uzi upite na kushika. Toboa, pitisha, vuta, toboa tena. Kwa hiyo hata ukiwa hodari wa kusuka ukili, hapa mkono wako unaanza upya. Mgeni kwa kawaida huvuta uzi kwa nguvu kupita kiasi, na kitako kilichotakiwa kuwa bapa huanza kukunjamana kabla hakijafika upana wa kiganja.

Kikapu kidogo humchukua msusi mzoefu siku kadhaa, na kikubwa chenye mishono myembamba huchukua wiki nyingi. Katika saa mbili au tatu za darasa, kazi ya haki ni kitako cha kikapu, kikeka kidogo cha kuwekea kikombe au hereni. Anayekuahidi agaseke zima kabla ya chakula cha mchana atakukabidhi lililosukwa na mwenzake. Muulize mwalimu kama unaweza kuondoka na nyuzi na majani ya kuendelezea nyumbani. Swali hilo litakufaa kuliko kubishana bei.

"Agaseke hutunza siri."

Kweli, na hapa wazee wako sahihi moja kwa moja. Kikapu hiki kilipelekwa na zawadi kwenye harusi na ziara za heshima, na kilichomo ndani hakikuwa cha macho ya kila mpita njia. Ndiyo maana kifuniko si pambo. Kinasukwa peke yake, kisha kinatakiwa kukaa juu ya mwili wa kikapu bila kulegea wala kulazimishwa. Nakushauri utumie hekima hiyo kuchagulia darasa: kabla ya kulipa, omba kuona kazi ya mwalimu, ufungue kifuniko na kukifunga. Kikikaa vizuri kila upande unapokigeuza, umempata msusi. Picha nzuri kwenye bango haziwezi kukuambia hayo.

"Imigongo inanuka, maana ni mavi ya ng'ombe."

Uongo. Ni mavi ya ng'ombe kweli, lakini hayanuki. Huchanganywa na majivu, ambayo huondoa harufu, kisha hubandikwa juu ya ubao kwa ncha za vidole ili kuunda matuta membamba ya pembe, mistari na michirizi. Yakikauka husuguliwa hadi yawe laini, ndipo rangi inapoingia. Weka pua yako juu ya imigongo iliyokamilika na hutasikia chochote.

Tatizo la kweli ni muda wa kukauka, ambao ni wa siku kadhaa. Darasa la siku moja haliwezi kukupitisha hatua zote, kwa hiyo wengi hukupa ubao ulioandaliwa ili upake rangi tu. Si udanganyifu, mradi waseme mapema. Mimi ningependelea darasa linalokuacha ushike ule mchanganyiko walau kwa matuta machache, kwa sababu ujuzi wote wa sanaa hii umo kwenye vidole.

"Rangi nyingi ni dalili ya kitu bandia."

Kweli kama historia, uongo kama kipimo. Imigongo ya zamani ilijikita kwenye nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ilitoka kwenye kaolini, nyekundu kwenye udongo mwekundu, na nyeusi ilipikwa kwa utomvu wa shubiri na majivu. Vikapu navyo vilikuwa na rangi ya majani yenyewe pamoja na nyeusi. Katani ya kijani, zambarau na waridi imeshamiri pamoja na soko la nje. Kuanzia 2005, kampuni ya Gahaya Links, iliyoanzishwa na dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, iliuza vikapu vya wasusi wa Rwanda katika maduka ya Macy's huko Marekani. Fedha za mauzo hayo ziliingia mikononi mwa wanawake wengi waliopoteza waume na jamaa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Siwezi kukiita bandia kikapu cha waridi kilicholipa karo ya mtoto. Kagua mishono, rangi uchague uipendayo.

"Kusuka ni kazi ya wanawake, mwanamume asijisumbue."

Uongo. Ni kweli kwamba ususi wa agaseke umebebwa na wanawake vizazi kwa vizazi. Lakini mapokeo ya imigongo yanamtaja mwanamume, Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeianzisha. Darasani leo anakaribishwa yeyote mwenye subira.

"Mwalimu wa kweli yuko kijijini, mjini ni maonyesho ya watalii."

Nusu kweli. Kwa imigongo, nyumbani kwake ni mashariki, wilaya ya Kirehe, na ushirika unaobeba jina la Kakira uko Nyakarambi. Msafiri wa basi anayetoka Tanzania kupitia Rusumo hupita hapohapo njiani, akaivuka asili ya sanaa hiyo akiwa usingizini, kisha akaenda kuitafuta Kigali. Kama ratiba inaruhusu, shuka.

Kwa ususi wa kikapu, mji hauna upungufu. Nyamirambo Women's Centre ilianzishwa na wanawake 18 wa mtaa wa Nyamirambo mwaka 2007, na wanaokufundisha ni majirani wa hapo. Ninachopima mimi ni nani anafundisha na ada inamfikia nani. Darasa la ushirika wa wasusi mjini ni la kweli kuliko ziara ya kijijini ambayo fedha zake zinaishia kwa dalali.

"Bila Kifaransa au Kiingereza hutaelewa kitu."

Uongo mtupu kwa msomaji wa ukurasa huu. Nyamirambo, hasa upande wa Biryogo, Kiswahili kimezoeleka tangu zamani, na mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Sema mapema, wakati wa kuweka nafasi, kwamba ungependa mwalimu wa Kiswahili. Ukifika, anza na salamu yao, "muraho", kisha endelea na lugha yako.

"Jumamosi asubuhi ndiyo saa nzuri."

Inategemea Jumamosi ipi. Ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya taifa zima, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka hufungwa na barabara huwa tupu. Weka darasa lako alasiri, au amka mapema ushike jembe pamoja na wenyeji, kwa maana wageni nao hukaribishwa.