Pembe ya Kusomea Nyumbani

Nataka kuwaeleza jinsi ya kuwatengenezea watoto wadogo mahali pazuri pa kusomea nyumbani. Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya matajiri." Sivyo. Mimi nakaa Jinja katika nyumba ya vyumba viwili, na pembe yangu haikunigharimu ila fedha kidogo na jasho.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu alipasua ukurasa wa kitabu nilichokipenda. Nilimpiga kofi, nikavifungia vitabu vyote katika sanduku la bati, kama alivyofanya baba yangu zamani. Mtoto akajifunza somo moja tu, kwamba kitabu huleta kipigo. Alipoingia darasa la kwanza, kila alipopewa kitabu alificha mikono nyuma. Neno hilo liliniuma sana. Wa pili alipoanza kutambaa, nikasema sitarudia.

Basi, jambo la kwanza ni nuru. Jinja i karibu sana na Ikweta, na jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu. Dirisha la mashariki huingiza jua la asubuhi, na la magharibi huingiza jua kali la alasiri, ambalo huumiza macho na kufifisha rangi za vitabu. Dirisha lielekealo kaskazini au kusini huleta nuru ya upole. Nikachagua hilo. Mtoto aketi ili nuru imjie ubavuni, kivuli chake kisianguke kitabuni. Tena pawe mbali na jiko la makaa. Usiku natumia taa ndogo ya jua, niliyoianika nje mchana. Koroboi ina moshi, na ikianguka mkekani ni hatari.

Pili, makao. Nilitandika mkeka wa mafunjo, juu yake blanketi lililokunjwa, na mito miwili iliyojazwa vitambaa vikuukuu. Mto mmoja ni wa mtoto, wa pili ni wa mtu mzima. Msiusahau huo wa pili, maana mtoto mdogo hasomi peke yake. Hupenda kitabu kwa sababu ameegemea mtu ampendaye.

Tatu, rafu. Nilichukua sanduku la mbao la nyanya, nikang'oa misumari iliyochomoza, nikalipiga msasa. Nililaza ubavu juu ya matofali mawili, mbali kidogo na ukuta, kwa ajili ya unyevu na mchwa. Kila Jumamosi nalikagua, na wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kukiwa na jua navitoa vitabu vipate hewa. Vitabu vikae jalada mbele, kwani mtoto asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Vitabu sita au saba vyatosha. Badilisheni kila juma.

Nne, vitabu vyenyewe. Uganda ilifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika Katiba mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima. Lakini watoto wetu husikia kwanza Kisoga na Kiluganda, na vitabu vya watoto vya Kiswahili sivioni kwa wingi madukani. Mwenye intaneti ataweza kupata hadithi za bure za African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Zimo za Kiswahili na za Kiluganda, na yaruhusiwa kuzichapa.

Asiye na intaneti atengeneze mwenyewe. Kata kurasa nane za karatasi ngumu ya maboksi, toboa kwa sindano nene, shona kwa uzi wa gunia. Mwulize mtoto, "Leo umeona nini?" Wa kwangu alisema, "Paka amelala ndani ya sufuria." Nikaandika vile vile, naye akachora. Kisha nikamsomea nikionyesha kwa kidole, pa-ka. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, kwa hiyo mtoto huiona sauti yake mwenyewe kwenye karatasi. Nusu saa kabla ya chakula cha jioni yatosha.

Mtanisameheni nikirudi kwa yule wa kwanza. Majuma mengi alikaa mlangoni akitutazama. Sikumwita. Jioni moja mdogo wake akapasua ukurasa. Mkubwa hakukitazama kitabu; alinitazama mimi, mkono wangu. Nikaenda jikoni, nikapika gundi ya unga wa muhogo, tukaubandika ukurasa sote watatu. Tangu siku ile huja mwenyewe, na sasa yeye ndiye asomaye, mimi nasikiliza.

Basi, ninyi wenye watoto, jaribuni. Na ninyi wanafunzi mlio na wadogo nyumbani, msingoje mpaka mwoe. Likizo ijayo tafuteni sanduku moja la nyanya na mkeka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi wa zamani, Jinja