Kuhama na Kuhamia: Jinsi Kitenzi Kinavyogawa Dhima za Nomino

1. Tuseme kwamba karani mmoja wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, anaandika taarifa wakati wa ukame. Sentensi mojawapo kati ya hizi yaweza kutoka kalamuni mwake:

(1) Familia ishirini zimehama Banissa.
(2) Familia ishirini zimehamia Banissa.

Nomino ni zile zile, na mpangilio wake haukubadilika. Irabu moja tu imeongezeka ndani ya kitenzi. Hata hivyo, katika (1) Banissa ni chanzo cha mwendo, na katika (2) ni kikomo chake. Anayepeleka mahindi na maji akiikosa irabu hiyo, atayafikisha wasikokuwako watu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyozipa nomino dhima zake, na yale ambayo mwalimu wa Banissa aweza kunufaika nayo katika maelezo hayo.

2. Suala la dhima lilishughulikiwa na Gruber mwaka 1965 na Fillmore mwaka 1968. Wote wawili walionyesha kuwa kiima na yambwa havitoshi kueleza nani alitenda, nani alitendwa, kwa chombo gani na kutoka wapi. Mwaka 1981 Chomsky aliweka sharti kwamba kila nomino inayodaiwa na kitenzi ipate dhima moja tu, na kila dhima ipate nomino moja tu. Ndiyo maana katika (2) Banissa haiwezi kuwa kikomo na chanzo kwa pamoja. Tukitaka kutaja chanzo, hatuna budi kuongeza neno: Zimehamia Banissa kutoka Takaba.

Katika shule za Kenya wanafunzi hufundishwa shamirisho kipozi, kitondo na ala. Istilahi hizi zina faida, lakini zaweza kumfanya mwanafunzi aitafute dhima ndani ya nomino, kana kwamba kisu ni ala daima na mgeni ni kitondo daima. Dhima haimo katika nomino peke yake; hutolewa na kitenzi.

3. Kauli ya kutendea yathibitisha jambo hili. Tutazame mifano ifuatayo:

(3) Halima aliwatekea mbuzi maji.
(4) Kamba hii ni ya kutekea maji.
(5) Kisima hiki ni cha kutekea maji.

Kiambishi ni kimoja, lakini mbuzi ni watendewa, kamba ni ala, na kisima ni mahali. Kitenzi hufungua nafasi ya mshiriki mpya, na maana ya nomino hutusaidia kujua ni mshiriki wa aina gani. Nafasi hiyo ina nguvu katika sarufi pia. Twasema Mbuzi walitekewa maji, lakini hatusemi Maji yalitekewa mbuzi. Lugha nyingine za Kibantu si lazima zifuate njia hii: Bresnan na Moshi walionyesha mwaka 1990 kuwa katika Kichaga yambwa yoyote kati ya hizo mbili yaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa.

4. Banissa ni mahali ambapo Kisomali na Kioromo cha aina ya Kiborana husikika majumbani. Tukitazama Kisomali, tunaona kuwa dhima huonyeshwa na vijineno vinavyotangulia kitenzi:

(6) Waxay ka guureen Banissa. (Walihama Banissa.)
(7) Waxay u guureen Banissa. (Walihamia Banissa.)
(8) Wuxuu geela u keenay biyo. (Aliwaletea ngamia maji.)
(9) Wuxuu hilibka ku gooyay mindi. (Alikata nyama kwa kisu.)

Aghalabu ka huonyesha chanzo, u huonyesha kikomo au mtendewa, na ku huonyesha mahali au ala. Kwa hiyo kiambishi kimoja cha kutendea cha Kiswahili chaweza kubeba kazi ambazo Kisomali kimezigawa baina ya u na ku. Kioromo nacho hutumia njia ya tatu, kwani huweka alama nyingi za dhima mwishoni mwa nomino.

5. Yafaa ieleweke basi kwamba mwanafunzi wa Banissa anayeandika zimehama mahali pa zimehamia hakukosa kujua tofauti ya chanzo na kikomo. Mtoto wa mfugaji aijua tofauti hiyo kabla hajaingia darasani. Asichokijua ni mahali ambapo Kiswahili kimeificha. Mwalimu anayetia alama ya kosa na kupita amehukumu akili ya mtoto kwa jambo la umbo tu. Mwalimu anayeweka (1) na (6), kisha (2) na (7), ubaoni sambamba, humwonyesha kuwa anachokijua tayari kimehama tu: kimetoka mbele ya kitenzi, kikahamia ndani yake.