Misumari ya Shaba ya Bristol

Mbele ya Jumba la Wafanyabiashara katika mtaa wa Corn Street, mjini Bristol, magharibi mwa Uingereza, zimesimama meza nne za shaba. Kila moja ina mguu mmoja mnene na uso wa mviringo, nao ukingo umeinuliwa kidogo ili sarafu isiviringike ikaanguka chini. Wenyeji huziita misumari. Ni kongwe kuliko jumba lenyewe: mmoja ulitolewa na Robert Kitchen, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya na kufariki mwaka 1594, na mwingine ulitengenezwa mwaka 1625.

Zamani zilikuwa chini ya kibaraza karibu na kanisa la Watakatifu Wote, mahali wafanyabiashara walipokutania. Mapokeo ya mji yanasema walilipana papo hapo juu ya meza hizo, mchana kweupe, wapita njia wakiona. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake. Bandarini wageni ni wengi, na nahodha uliyepatana naye leo huenda kesho amekwisha kutweka tanga. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Bristol daftari walikuwa nalo, lakini zaidi ya daftari walitaka macho ya watu.

Na waliuchanganya mkataba na ibada. Msumari wa 1625 ni zawadi ya Nicholas Crisp wa London, na maandishi yake ni ya kumshukuru Mungu kwa rehema zake, pamoja na maneno ya zaburi ya sifa. Kwa hiyo aliyehesabu fedha pale alizihesabu juu ya jina la Mungu.

Jumba lilianza kujengwa mwaka 1741 kwa michoro ya John Wood, msanifu mashuhuri wa jiji la Bath, likafunguliwa 1743. Lilipewa ua mpana wa kukutania, na mbele, huku na huku mwa mlango, mkahawa wa kahawa na baa, kwani biashara nyingi zilikuwa zimekwisha kuzoea kufanyiwa penye vikombe. Hata hivyo wengi waliendelea kusimama palepale pa zamani, barabarani. Siwalaumu, mahali pa kuaminiana hapahamishwi kwa amri ya baraza la mji. Ukaidi huohuo umebaki kwenye saa ya ukutani, ambayo hadi leo ina mishale miwili ya dakika. Bristol jua hufika utosini kama dakika 10 baada ya London, na reli ilipoleta saa ya London, mji uliendelea na saa yake mpaka 1852.

Sasa tazama juu, kwenye uso wa jengo. Kati ya vichwa vya nguzo kumechongwa sura za watu na wanyama wa mabara ambako meli za Bristol zilifanya biashara. Afrika imo. Tangu mwaka 1698, haki ya pekee ya kampuni moja ya London ya kufanya biashara na Afrika ilipovunjwa, wafanyabiashara wa Bristol walishika kwa nguvu biashara ya watumwa. Meli zilibeba bangili za shaba zilizofuliwa karibu na mji, zikazibadilisha kwa watu katika pwani ya Afrika Magharibi, zikawauza Virginia na Jamaika, zikarudi na sukari na tumbaku. Waafrika waliosafirishwa hivyo hadi 1807 wanakadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni.

Jambo hili linaniuma kuliko yote katika historia ya mahali hapa. Uaminifu wa wanaume wale ulikuwa wa kweli. Walitimiza ahadi, walilipa deni mbele ya mashahidi, waliona haya kudanganyana. Lakini uaminifu huo uliishia kwa waliosimama kuizunguka meza. Aliyekuwa ndani ya meli hakuwa na upande katika mkataba. Yeye ndiye aliyekuwa bei.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Familia za Bristol zilizokuwa na mashamba ya miwa zilipeleka madai yao na zikalipwa. Walioachiliwa hawakupewa hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale hadi 1838.