Barua Zilizosafiri Miezi Minne

Ukitoka Ngong kuelekea Kiserian unapita Matasia, na vilima vya Ngong unakuwa nao mkono wa kulia safari nzima. Leo hii ni njia ya matatu, pikipiki na malori. Miaka ya 1880, chini ya vilima hivi ilipita misafara ya watu wa pwani. Hapa karibu palikuwa na kituo walichokiita Ngongo Bagas, pale msitu wa Wakikuyu ulipokutana na mbuga za Wamaasai. Wapagazi walitua mizigo, wakanunua maharagwe, mahindi na viazi vitamu, kisha wakashika njia ya Naivasha.

Sasa wanangu, tazameni mizigo yenyewe. Kulikuwa na ushanga, senyenge na marobota ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, aliandika kwamba morani wa Kimaasai, ambao kila siku walivaa ngozi, walipokwenda vitani walijifunga shingoni kitambaa kirefu chenye mstari wa rangi katikati, kikipeperuka mgongoni. Walikiita naibere. Kitambaa cha namna hiyo kilikuja na misafara, na kile kilichosifiwa kuliko vyote kilifumwa Massachusetts, Marekani. Ndiyo maana watu wa pwani walikiita merikani.

Kilifikaje huku? Jibu limo ndani ya barua.

Katika jimbo la Massachusetts kuna mji wa bandari uitwao Salem. Wafanyabiashara wake walianza kuizoea Zanzibar katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Edmund Roberts, kwa niaba ya serikali ya Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Zanzibar kuwa konsuli wa kwanza wa nchi yake. Alikuwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Matajiri wa Salem walibaki kwao, wakaweka wakala Zanzibar, na tangu hapo kalamu haikupumzika.

Barua zilikuwa na kazi. Tajiri alimwambia wakala anunue pembe za ndovu za ukubwa gani, sandarusi iliyosafishwa kiasi gani, ngozi ngapi, karafuu ngapi. Wakala alijibu merikani inauzwaje, nani anadaiwa, na meli ya mshindani imeleta nini. Pembe zilipimwa kwa frasila, kitambaa kilihesabiwa kwa jora na robota, fedha ilikuwa riale za Maria Theresa. Karibu kila kitu kilikwenda kwa mkopo. Mmarekani alimkopesha mfanyabiashara Mhindi wa Zanzibar kitambaa, Mhindi akamkopesha mkuu wa msafara, na mkuu wa msafara akaingia bara. Deni lililoanzia Salem liliweza kulipwa kwa pembe iliyonunuliwa Umaasaini miaka miwili baadaye.

Na hapa ndipo ugumu ulipokuwa. Jahazi kubwa la matanga kutoka Salem hadi Zanzibar lilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, likatumia miezi mitatu hadi minne. Jibu nalo likasafiri vivyo hivyo kurudi. Tajiri alitoa amri kwa bei ya zamani, kama mtu anayechagua nguo za leo kwa utabiri wa hewa wa miezi minne iliyopita. Na kwa kuwa barua iliweza kupotea baharini, waliandika nakala mbili au tatu za barua moja na kuzituma kwa vyombo tofauti, ili kimoja kikizama, kingine kifike.

Amani ikiwapo, mpango huo ulitosha. Ikivurugika, fikirini wenyewe.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Mwanawe Majid alikaa Zanzibar, mwanawe mwingine Thuwaini akakaa Maskati, Oman, na kila mmoja akautazama urithi. Mwaka 1859 Thuwaini alituma kikosi cha majini kuishambulia Zanzibar, Waingereza wakakirudisha njiani. Mwaka huo huo Barghash, ndugu mwingine, alimwasi Majid na kujifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseilles huko Unguja. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza waliamua Zanzibar na Oman zitengane, Majid akitakiwa kumlipa Thuwaini riale 40,000 kila mwaka.

Kwa wakala aliyekopesha marobota yake mjini, mambo haya yalikuwa ya maisha na mali. Serikali ikibadilika, mkuu wa forodha atabaki nani? Mdaiwa akikimbia, utamshitaki kwa nani? Ungemwandikia tajiri wako, na kabla hajaisoma barua yako ndugu wale wangekuwa wamepigana na kupatana.

Kisha ikaja tufani kutoka upande ambao Zanzibar haikuutazamia. Tarehe 12 Aprili 1861 Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga kwa kuogopa utumwa wao usiguswe. Viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba, lakini pamba ililimwa Kusini. Kaskazini ilipozifunga bandari za Kusini kwa meli za kivita, pamba ilikauka, mashine nyingi zikasimama, na merikani ikawa adimu na ghali sokoni Zanzibar.

Bahari nayo haikuwa salama. Mwaka 1862 Kusini ilipata meli iliyoitwa Alabama, iliyoundwa Birkenhead, Uingereza. Iliteka meli za wafanyabiashara wa Kaskazini zaidi ya 60, nyingi zikachomwa moto. Mwaka 1863 ilivuka hadi Bahari ya Hindi, na Februari 1864 ilitia nanga Anjouan katika visiwa vya Komoro, safari ya siku chache tu kutoka Unguja. Bima ya mizigo ya Wamarekani ilipanda. Wenye meli wengi waliziuza au kuzisajili chini ya bendera za nchi nyingine.

Wapagazi hawakusubiri. Misafara iliendelea kuingia bara, na badala ya merikani ikabeba kitambaa cha Uingereza na cha India. Wanunuzi wa bara walijua tofauti ya uzito na ufumaji. Tusidhani waliridhika na chochote walicholetewa. Wamaasai waliwasumbua sana wakuu wa misafara kwa kukataa ushanga wa rangi wasioitaka, na msafara uliokosea kuchagua Zanzibar ulijuta ukiwa umeshafika mbali. Vita vilipokwisha mwaka 1865 merikani ilirudi, lakini ikakuta wengine wamekaa kwenye kiti chake. Mwaka 1870 meli ya mwisho kutoka Zanzibar iliingia bandari ya Salem, na biashara iliyobaki ikahamia Boston na New York.

Nataka mtulie hapa kidogo, maana jambo hili linaniuma. Lile jora jeupe lilianzia kwenye shamba la pamba lililolimwa na watumwa Waafrika huko Marekani. Likafika Zanzibar, ambako watumwa Waafrika walichuma karafuu. Likaingia bara na kurudi likiwa pembe za ndovu, na baadhi ya waliozibeba pembe hizo mabegani hawakuwa huru. Pembe zikapelekwa Connecticut, zikakatwa kuwa vitana na vitufe vya piano. Waters aliuchukia utumwa, na aliyasema hayo katika shajara yake. Bado aliendelea kununua na kuuza. Barua za biashara zinataja kila robota na kila frasila, na majina ya waliozibeba mabegani hayamo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na waya wa telegrafu ulipofika Zanzibar mwaka 1879, habari za bei zilianza kwenda kwa siku badala ya miezi. Msukosuko haukupungua. Edward Ropes, kijana wa Salem aliyekuwa wakala Zanzibar, aliandika barua kati ya mwaka 1882 na 1892, na miaka hiyo ndiyo Wajerumani walipojitwalia sehemu ya bara. Agosti 1888 kampuni yao ilipochukua forodha za Pangani na Bagamoyo, watu wa pwani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Manowari za Kijerumani na Kiingereza zikaufunga mwambao, na biashara ya misafara ikavurugika. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Kapteni Lugard, wa kampuni ya Waingereza, alijenga ngome Dagoretti, hapa jirani yetu.

Barua za Ropes zimechapwa katika kitabu. Za wenzake waliomtangulia zilikusanywa na Norman Bennett na George Brooks mwaka 1965. Mkizipata, msianze na bei. Tazameni kwanza tarehe iliyoandikwa juu, kisha mwongeze miezi minne, mjiulize mwandishi alikuwa hajui nini. Kisha tafuteni ramani, mweke kidole Salem, mkivute kuzunguka Rasi hadi Unguja, mvuke hadi Mombasa au Pangani, mpande nacho hadi chini ya vilima vya Ngong, na katika kila kituo mwulize mzigo ule ulikuwa begani kwa nani.