Fahamu: Hubert Sauper, mwongozaji aliyeitikisa Mwanza

Hubert Sauper ni nani? Ni mwongozaji wa filamu za hali halisi, Muaustria aliyezaliwa mwaka 1966. Mwaka 1998 alitoa filamu kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo. Lakini jina lake lilivuma kwa Darwin's Nightmare (2004), iliyopigwa Mwanza, Tanzania.

Inaonyesha nini? Minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda Ulaya, huku mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, yakianikwa juani na kukaangwa kwa ajili ya walalahoi. Pia inadokeza kwamba ndege hizo huleta silaha Afrika.

Kwa nini ilizua mzozo? Mwaka 2006 iliwania Oscar na kushinda César nchini Ufaransa. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu kwa kuichafua nchi. Wakosoaji wanasema haionyeshi silaha zikishushwa Mwanza.

Baadaye Sauper alitengeneza filamu kuhusu Sudan Kusini (2014) na Cuba (2020).

Ukiitazama Darwin's Nightmare, tenganisha kinachoonekana na kinachodokezwa. Umaskini wa mapanki ulirekodiwa. Shehena ya silaha haikurekodiwa.